Mpango wa miaka mitano wa mifumo ya kompyuta, maktaba ya chuo kikuu: nini kitangulie?

Mkutubi_Mifumo

Habari zenu wakuu. Naandika mpango wa miaka mitano wa mifumo ya kompyuta kwa maktaba ya chuo kikuu, na nataka uwe mpango wa kutekelezwa, si wa kufungiwa kabatini.

Hali ilivyo: nakala kama 60,000, rekodi (maelezo ya kila kitabu kwenye katalogi) kama 41,000. Rekodi 26,000 ziko kwenye CDS/ISIS (programu ya zamani ya hifadhidata za maktaba), 6,000 kwenye lahajedwali, zilizobaki ni kadi na rejista. Kuazimisha kunafanyika kwa programu iliyoandikwa ndani ya chuo, haina mwongozo wowote. Tasnifu 2,300 za PDF zimelundikwa kwenye folda za kompyuta moja. Wanafunzi 9,000, wakutubi 14, mtu wa TEHAMA mmoja ambaye anahudumia na idara nyingine.

Uongozi unataka RFID (lebo za vitabu zinazosomwa kwa mawimbi ya redio) na mashine za mwanafunzi kujiazimia mwaka wa kwanza. Mimi maswali yangu ni haya: data za ISIS zihamishwe vipi bila kuharibika? Tuendeshe Koha (programu huria ya kuendesha maktaba) kwenye seva yetu au tukodi huduma? RFID iingie lini? Na akili unde iwekwe kwenye mpango au ni mbwembwe tu?

Rekodi_Kwanza

Mkuu, najibu la ISIS peke yake, maana ndilo litakalokula muda kuliko hayo mengine yote.

Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kudhani kuwa ISIS ikitoa faili la ISO 2709 (muundo wa kubadilishana rekodi) basi wamepata MARC (mpangilio wa kimataifa wa rekodi za maktaba, kila sehemu, yaani uga, ikiwa na namba yake). ISO 2709 ni bahasha tu. Barua iliyomo ndani inategemea aliyeunda hifadhidata. Hifadhidata ya mfano iliyokuja na ISIS yenyewe ina kichwa kwenye uga 24, taarifa za uchapishaji 26, kurasa na ukubwa 30, waandishi 70, na maneno muhimu 69 yakiwa yamefungwa kati ya alama < na >. Maktaba nyingi ziliinakili wakaendelea nayo, nyingine zikabuni za kwao. Kwa hiyo fungua jedwali la nyuga (faili la FDT), lichapishe, kisha chukua rekodi 50 za miaka tofauti uone kama wanaoingiza data waliufuata utaratibu huo au kila mmoja alikuwa na wake.

Kosa la pili: faili la ISIS kwa kawaida hukatwa mistari kila baada ya alama 80, na hutumia # kutenganisha nyuga na rekodi. Programu inayosubiri MARC halisi italikataa, au mbaya zaidi itasoma rekodi chache na kunyamaza. Unganisha mistari kwanza, badilisha vitenganishi, ndipo uhamishe nyuga.

Ukiwa na mpangilio ule wa mfano, ramani inakwenda hivi: 24 iende 245 ya MARC, 26 iende 264 (mahali, mchapishaji na mwaka kila kimoja kwenye uga wake mdogo), 30 iende 300, mwandishi wa kwanza wa 70 aende 100 na waliobaki 700. Maneno ya 69 yapasue, kila neno lipate uga 653 wake. Usiyatie 650. Uga wa 650 ni wa vichwa vya mada vilivyodhibitiwa, na ukishachanganya maneno huru humo hutaweza kuyatenganisha tena.

Kwenye 245 kuna kiashiria cha pili kinachosema herufi ngapi za mwanzo zirukwe wakati wa kupanga. Kichwa cha Kiingereza kinachoanza na "The" kinahitaji 4 (herufi tatu na nafasi moja), "A" kinahitaji 2. Vichwa vya Kiswahili ni 0. Ukiacha 0 kote, vitabu vingi vya Kiingereza vitajipanga chini ya T na watu watalaumu programu.

Herufi zenye alama: ISIS ya DOS kwa kawaida ilitumia jedwali la herufi 850 au 437, WinISIS (ISIS ya Windows) 1252. Geuza kwenda UTF-8 (usimbaji unaobeba herufi za lugha zote) mara moja tu, kisha hakikisha nafasi ya 09 ya alama 24 za mwanzo wa rekodi ina herufi "a". Ukiona é imekuwa Ã©, huenda faili limegeuzwa mara mbili. Rudi kwenye faili la asili, usijaribu kurekebisha kwa tafuta-na-badilisha.

Sasa nakala. Hapa ndipo penye balaa. ISIS nyingi ziliweka namba za usajili wa vitabu kwenye uga mmoja: "1204-1209, 3311". Hizo ni nakala saba, si mbili. Usipozifungua utapata nakala moja yenye namba ya ajabu na sita zitakuwa hazipo kwenye mfumo. Kwenye Koha kila nakala ni uga 952 wake: namba ya msimbo pau kwenye p, maktaba inayomiliki kwenye a, ilipo sasa kwenye b, namba ya rafuni kwenye o, aina ya nakala kwenye y. Namba ya msimbo pau haikubali kujirudia, kwa hiyo tafuta zinazojirudia kabla ya kupakia. Zile utakazozikuta nyingi zitakuwa makosa ya rejista ya zamani, na dawa yake ni mtu kwenda rafuni kutazama kitabu.

Lahajedwali lako la rekodi 6,000 usilifungue kwa kubofya mara mbili. Litakula sifuri za mwanzo wa ISBN na kugeuza ISBN ya tarakimu 13 kuwa 9.78E+12, na ukishahifadhi, tarakimu zilizopotea hazirudi. Liingize kupitia OpenRefine (programu ya kusafisha data), safu zote ziwe maandishi. Na kugeuza ISBN ya tarakimu 10 kuwa ya 13 si kubandika 978 mbele tu: tarakimu ya mwisho ya kuhakiki inakokotolewa upya.

Kuunganisha rekodi zinazojirudia kwa ISBN pekee ni hatari, maana juzuu tano za seti moja zinaweza kuwa na ISBN moja. Tumia ISBN, kichwa na mwaka kwa pamoja, na zile za mashaka ziamuliwe na mtu.

Fanya majaribio matatu: rekodi 500, halafu 5,000, halafu zote, kwenye seva ya majaribio. Kila mara hesabu rekodi zilizotoka, zilizoingia, nakala zilizotoka, zilizoingia. Tofauti ya hata nakala 12 ielezwe kwa maandishi. Sitisha uingizaji wa vitabu vipya kwenye mfumo wa zamani siku ile ya uhamisho wa mwisho, si wiki moja baadaye.

Fundi_Seva

Naongezea juu ya seva. Kwa ukubwa huo Koha haihitaji mashine ya kutisha: Debian au Ubuntu (mfumo endeshi), MariaDB (hifadhidata), viini vinne, kumbukumbu ya GB 16, diski ya SSD ya GB 200. Kinachoangusha seva za maktaba ni mambo madogo. Diski kujaa kwa sababu nakala rudufu za kila usiku hazifutwi. Umeme kukatika katikati ya kuandika hifadhidata kwa sababu UPS (betri ya dharura) ipo lakini kebo yake ya kuiambia seva ijizime haijachomekwa. Na huduma ya faharasa (inayowezesha utafutaji) kufa kimyakimya. Hii ya mwisho ijue dalili yake: kitabu kipya kinafunguka ukiingiza namba ya rekodi, lakini ukitafuta kwa kichwa hakionekani. Washa upya huduma ya faharasa, na kama haitoshi jenga faharasa yote upya kwa koha-rebuild-zebra -f -v ikifuatiwa na jina la mfumo wenu. Usiku, si saa nne asubuhi.

Nakala rudufu: tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja nje ya jengo. Lakini andika kwenye mpango zoezi la kurejesha kila baada ya miezi mitatu, kwenye mashine tupu, mkiwa na saa mkononi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu.

Toleo jipya la Koha hutoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na namba yake ni mwaka na mwezi. Msikimbilie la siku ya kwanza. Chagueni toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, pandisheni mara moja kwa mwaka wakati wa likizo, mkianza na nakala ya data halisi kwenye seva ya majaribio. Vitu vinavyovunjika mara nyingi ni ripoti mlizoandika wenyewe kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), kwa hiyo ziorodheshwe pamoja na jina la anayezitumia.

Kukodi huduma nako si kubaya, hasa mkiwa na mtu mmoja wa TEHAMA. Akiugua au akihama, seva yenu ni yatima. Ila someni mkataba kwa hesabu. Ahadi ya kupatikana asilimia 99.5 inaruhusu saa 43.8 za kuzimika kwa mwaka. Asilimia 99.9 ni saa 8.76. Ulizeni saa hizo zinapimwa kwa mwaka au kwa mwezi, na kama matengenezo ya wiki ya mitihani yanahesabiwa.

Kifungu ambacho mimi nisingetia saini bila kukiona ni cha kuondoka: rekodi zote kwa MARCXML (MARC iliyoandikwa kwa XML), pamoja na nakala, wanachama, vitabu vilivyo nje, faini na historia ya manunuzi, ndani ya siku 30, bila malipo ya ziada. Nasema MARCXML kwa sababu rekodi ya ISO 2709 haiwezi kuzidi baiti 99,999. Urefu wake umeandikwa kwa tarakimu tano tu. Kitabu cha kiada chenye mamia ya nakala kinavuka hapo kirahisi, kikakatwa au kikaachwa. Ombeni data hizo mwaka wa kwanza, mzipakie kwenye seva ya majaribio, muone kama zinaishi. Anwani ya katalogi nayo iwe chini ya jina la chuo, si la mtoa huduma, la sivyo siku mkiondoka viungo vyote vilivyoko kwenye kozi za wanafunzi vinakufa.

Wanachama wasiingizwe kwa mkono. Data itoke kwa msajili kila usiku, ufunguo uwe namba ya usajili wa mwanafunzi. Barua pepe hubadilika na majina hufanana. Anayehitimu apewe tarehe ya mwisho, asifutwe, mpaka madeni yake ya vitabu yawe sifuri.

LangoNaLebo

RFID mwaka wa kwanza? Hapana. Mwaka wa tatu, na nitakwambia kwa nini.

Lebo huunganishwa na namba ya nakala. Kama namba hazijasafishwa, mtabandika lebo 60,000 juu ya makosa, kisha mtazisoma upya moja moja. Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili ni misimbo pau. Mfumo wa tarakimu 14 umezoeleka: ya kwanza ni 3 kwa kitabu na 2 kwa mwanachama, nne za taasisi, nane za kitu chenyewe, ya mwisho ya kuhakiki. Chapisha stika mbili za namba moja, moja juu ya jalada, nyingine ukurasa wa ndani. Ya nje ikichubuka namba haipotei.

Mkifika kwenye RFID, andikeni kwenye zabuni: masafa ya 13.56 MHz, ISO 15693 (mawasiliano ya lebo na kisomaji), mpangilio wa data wa ISO 28560. Mtoa huduma akisema ana mpangilio wake mzuri zaidi, mwacheni aende nao. Mkiukubali mtanunua visomaji kwake mpaka mzeeke. Ndani ya lebo kaeni na namba ya nakala na alama ya mmiliki. Kichwa cha kitabu hakina kazi humo, na mtu mwenye kisomaji mfukoni hana haja ya kujua mwanafunzi anasoma nini.

Hesabu ya kazi: jozi moja ya watu ikifanya lebo 100 kwa saa, saa sita kwa siku, ni 600 kwa siku. Vitabu 60,000 ni siku 100 za jozi moja, au kama 34 kwa jozi tatu. Hiyo 100 kwa saa ni ya kuanzia tu. Pimeni wenyewe kwa vitabu 500 kutoka sehemu tatu tofauti, maana vijitabu vyembamba na majarida yaliyojalidiwa hayaendi kasi moja.

Yanayoharibika: lebo zikibandikwa mahali pamoja kwenye vitabu vyembamba zinafunikana, kisomaji kinaona tatu kati ya tano. Pandisha na kushusha kidogo kwa zamu. Jalada lenye karatasi ya chuma na CD vinaua mawimbi. Rafu za chuma zinasumbua kisomaji cha mkononi kwa vitabu vilivyo mwisho wa rafu.

Malango mengi ya kuzuia wizi husoma alama ya usalama iliyo kwenye lebo yenyewe, hayaulizi hifadhidata. Faida yake ni kwamba mtandao ukikatika lango linaendelea kulinda. Hasara yake ni kwamba mhudumu akiazimisha kwa skana ya msimbo pau peke yake, alama haibadiliki na lango litapiga kelele kwa mwanafunzi asiye na kosa. Ikitokea mara kumi kwa siku, walinzi huacha kuitikia, na hapo lango limekuwa pambo.

Mashine za kujiazimia huzungumza na mfumo kwa itifaki ya SIP2. SIP2 haijasimbwa; namba ya mwanachama na nywila yake vinapita wazi. Pitisheni kwenye VPN au stunnel (njia zilizosimbwa), na mlango wake usifunguliwe kwenye intaneti hata kwa majaribio ya siku moja.

Rekodi_Kwanza

Nakubaliana na LangoNaLebo, ila uongozi ukishikilia RFID mwaka wa kwanza kuna njia ya katikati: lebo zianze na vitabu vipya tu na vya akiba ya mikopo mifupi, ambavyo rekodi zake ni safi. Mashine moja. Wapate cha kuonyesha wageni, ninyi mpate muda.

Mkutubi_Mifumo

Nashukuru sana, hili la njia ya katikati nimelichukua. Mnisaidie mawili: kadi (rekodi kama 9,000) na zile tasnifu. Na swali la akili unde bado linaning'inia.

DadaKatalogi

Kadi: msizichape. Kwanza pitieni rafu, ondoeni vitabu visivyohitajika tena, maana hakuna maana ya kukatalogi kitabu kinachotupwa mwezi ujao. Kisha mtu apeleke kompyuta na skana kwenye rafu kwa toroli, atafute rekodi kwa ISBN kupitia Z39.50 (itifaki ya kutafuta kwenye katalogi za maktaba nyingine) kutoka maktaba kubwa (mlango wa kawaida ni 210), aipakue, aongeze nakala, abandike stika papo hapo. Kitabu kinashikwa mara moja tu. Visivyo na ISBN vitafutwe kwa mwandishi na mwaka. Kadi za mpangilio wa rafu zitunzwe mpaka mwisho, kwa sababu ndizo zinazosema nakala zilikuwa ngapi, na hivyo ndizo zitakazowaonyesha kilichopotea. Machapisho ya kienyeji na ya Kiswahili mara nyingi hayapatikani kwenye katalogi za nje. Hayo yatengeeni mkutubi mzoefu, si mwanafunzi wa mazoezi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye Kiswahili: faharasa za mifumo hii zimezoea lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno. Sisi tunabadilika mwanzoni. Anayetafuta "watoto" hampati "mtoto", na kuongeza nyota mwishoni hakumsaidii. Suluhisho linalofanya kazi ni rekodi za mamlaka: kichwa kilichokubaliwa kwenye 150, umbo jingine kwenye 450, halafu washeni chaguo la Koha linaloitwa IncludeSeeFromInSearches na mjenge faharasa upya. Anzeni na mada 200 zinazotafutwa zaidi.

Tasnifu zisiwekwe ndani ya Koha. Tumieni DSpace (programu ya hazina ya machapisho ya kidijitali), kisha rekodi ya Koha iwe na kiungo kwenye uga 856. Tangu toleo la 7 DSpace imegawanyika: upande wa seva unataka Java, PostgreSQL na Solr, upande wa kurasa unataka Node. Ipeni mashine yake yenye GB 16, msiibane na Koha. Kila tasnifu ipate kitambulisho cha kudumu cha Handle ili kiungo kisife seva ikihama. Zinazoskaniwa ziwe dpi 300 (nukta kwa inchi), maandishi yatambuliwe na kompyuta, zihifadhiwe PDF/A (PDF ya kuhifadhi kwa muda mrefu). Fomu ya ruhusa ya mwandishi ikusanywe siku ya kukabidhi tasnifu. Za zamani zisizo na fomu wekeni muhtasari wazi na faili lifungwe mpaka ruhusa ipatikane. OAI-PMH (itifaki ya kuvuna maelezo ya machapisho) iachwe wazi ili injini za kitaaluma zivune maelezo.

Akili unde: iandikeni mwaka wa nne, kama jaribio lenye kipimo. Kuna Annif, programu huria iliyoanzia Maktaba ya Taifa ya Finland, inayopendekeza vichwa vya mada. Inajifunza kutoka rekodi zenu, kwa hiyo 653 zenu za ISIS zikiwa fujo itapendekeza fujo kwa kasi. Chukueni vitabu 300 ambavyo mkutubi ameshavipa mada, ificheni hizo mada, kisha linganisheni. Roboti ya kujibu maswali ya wanafunzi ifungwe kwenye katalogi yenu pekee, kila jibu liwe na namba ya rekodi, kwa sababu ikiachwa huru itataja vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa na mwanafunzi atakuja kuvidai dawatini.

Fundi_Seva

Jambo moja limesahaulika. Ile programu ya kuazimishia msiizime siku ya kuhamia. Iacheni miezi 12, ya kusoma tu, na hifadhidata yake itolewe kwa CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato), jedwali kwa jedwali. Vitabu vilivyo nje siku hiyo vihamishwe pamoja na tarehe ya kurudishwa, lakini tarehe zote zilizokwisha kupita zisogezeni ziwe wiki mbili baada ya siku ya kuhamia, kabla ya kuwasha faini na arifa. Mkisahau hilo, Koha usiku wa kwanza inaweza kutuma barua pepe za madeni kwa waliochelewa kwa wingi, na asubuhi foleni itakuwa mpaka nje ya mlango.

Mkutubi_Mifumo

Hilo nalo limeingia. Kesho natoa FDT kwanza, nitaibandika hapa tuzitazame nyuga.